Nilisaini Vitabu Kumi na Viwili, Nilisoma Kimoja

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na kwanza nisamehe kwa kuchelewa, barua hii naianza wiki ya tatu sasa, maana mtoto mdogo akilala na mimi nalala. Niko huku Nkunga, nimeishia kidato cha nne, na kwa hicho cheti wazazi wakanichagua kwenye kamati ya maktaba ya shule. Mfadhili alileta mfululizo wa vitabu kumi na viwili vya maarifa tuvikague, tukivikubali alete vya madarasa yote. Mimi nikasoma kimoja, cha nyuki, kizuri mno nikakirudia, nikaona vingine vyote vina jalada la aina moja na kimo kimoja, nikasema hawa ni ndugu, nikaweka tiki kumi na mbili na sahihi yangu chini.

Basi juzi baba mkwe, Mzee Ambindwile, ameshavuna mkungu wa ndizi, anataka kuangusha na mgomba wenyewe, binti yangu Anneth wa darasa la nne akaukumbatia.

"Babu, usiukate, kitabu kinasema mwakani unazaa tena."

"Kitabu cha nani hicho?"

"Cha shule. Mama amekisaini."

Mzee alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo ananiita Bibi Shamba, tena haniambii mimi, anamwambia mbuzi nikiwa nasikia, kwa sababu kwetu mtu na baba mkwe wake hawasemeshani ana kwa ana. Na yeye ndiye mwenyekiti wa kamati, na Ijumaa tunapitisha vitabu hivyo.

Naomba unitumie haya: maswali ya kukagulia vitabu, maneno ya kufuta sahihi, na njia ya kumfikia mwenyekiti nisiyeweza kumsemesha.

Mama Anneth

Mama Anneth,

Pole kwa uchovu, na pole yangu inaishia hapo. Watoto wa tumbo moja, mmoja mpole, mwenzake mwizi wa sukari. Wewe mwenye watoto wawili ulitaka uambiwe? Ungekosea habari za nyangumi ningekuelewa. Umezungukwa na migomba, mama, unajua shina likishazaa limemaliza, yanafuata machipukizi.

Kila kitabu kiulize peke yake: nani amekiandika, na anaijua kazi hiyo? Ni cha mwaka gani? Picha inakubaliana na maneno? Kisha mpe mwenye ujuzi akisome, cha malaria kikiwepo kwa nesi, cha ndizi kwa baba mkwe wako. Atafurahi, na mbuzi atapumzika.

Mila imekukataza kumsemesha, haikukukataza kuandika. Iandikie kamati, mwalimu mkuu asome kikaoni: "Nilisaini vitabu ambavyo sikuvisoma. Nafuta sahihi yangu." Usitie habari za mtoto kukunyima usingizi, hata wao wana watoto. Watacheka, wacheke. Ukinyamaza ndipo darasa zima litajifunza kutunza migomba iliyokwisha.

Ijumaa saini ulivyovisoma tu, hata vikiwa viwili. Rafu ikibaki na nafasi, iache. Nafasi haimdanganyi mtoto.