Dawa ya Baridi

Jumatano, jioni. Mvua ndogo imepita hapa Kibirizi na kuacha vidoti kwenye mchanga. Ziwa limetulia. Mimi bado.

Leo giza la mwezi limeanza. Mwezi ulipokuwa mkubwa wavuvi wa dagaa walikaa nyumbani wakishona nyavu, kwa sababu dagaa hafuati taa kukiwa na mbalamwezi. Sasa wanarudi ziwani. Na leo mdogo wangu wa mwisho, Sadi, mwenye miaka ishirini na moja, ameingia kwenye boti kushika nafasi ya Juma.

Juma ndiye aliyenifuata mimi kwa kuzaliwa. Tumemzika Ujiji miezi minne iliyopita. Alizama asubuhi, boti ikiwa inarudi. Wenzake walisema ni wimbi. Nilikuwa nimesimama ufukweni na beseni langu la kuchuuzia dagaa. Hakukuwa na wimbi.

Juma alikuwa akimla samaki mgebuka kuanzia mkiani. Kichwa alikiacha mwisho, kama zawadi. Na kila alasiri kabla ya kuondoka aliniambia, "Dada, nifungie dawa yangu ya baridi." Nilichukua chupa yake ndogo, nikaizungushia kitambaa, nikaiweka kwenye kapu pamoja na ugali.

Ndani mlikuwa na gongo.

Nilijua. Kizibo kilikuwa hakifungi vizuri, harufu ilitoka, nilijua tangu siku ya kwanza.

Vijana wa huku wana majina laini kwa kila kitu. Bangi ni kijiti. Ile sigara mpya ya kuchaji, yenye moshi unaonukia embe, ni kalamu. Gongo ni dawa. Nimelifikiria sana neno hilo. Kwetu ni nyumba ya swala tano, kijana hawezi kumwambia dada yake mkubwa amfungie pombe. Dawa anaweza. Na dada anafunga, tena anajiona mwema.

Leo alasiri Sadi amekuja jikoni na chupa.

"Dada, nifungie dawa ya baridi."

Nikaendelea kupepeta mchele.

"Nesi wangu, leo famasi imefungwa?"

"Iko wazi. Sema unataka nini."

"Si nimesema? Dawa."

"Ya ugonjwa gani?"

Akacheka. "Da Zena, wewe hujawahi kukaa kule katikati ya maji. Baridi ya kule haina adabu."

"Naamini. Litaje jina lake basi, nami nitakufungia kwa mikono yangu, kama nilivyomfungia Juma."

Kicheko kikakatika. Tangu arobaini ilipopita, jina la Juma lilikuwa halijatajwa jikoni kwetu. Sadi akaitazama chupa, akanitazama mimi.

Niliogopa. Angeitaja gongo kwa jina lake, ningelazimika kufunga, maana nilikuwa nimeshasema.

"Basi nipe chai," akasema, bila kunitazama.

Nilimjazia chupa ya chai, tangawizi nyingi, sukari nyingi. Nyingine ilimwagika mezani. Akabeba kapu lake, akaniaga kwa heshima zaidi ya kawaida yake. Alipofika kona ya msikiti upepo ukaniletea harufu ya embe.

Kalamu ameondoka nayo. Sikumwita.

Wala sijui wenzake wamebeba nini kwenye makapu yao. Huko kwenye boti hakuna dada wa kuuliza jina.

Chupa ndogo ameiacha juu ya kinu, naiona nikiwa hapa naandika. Nikimaliza nitaimwaga, kisha nitatafuta kile kitambaa cha Juma nikifue.

Asubuhi nitashuka ufukweni mapema kuliko wachuuzi wote. Nikimwona Sadi anashuka kwenye boti kwa miguu yake, sitamuuliza habari za dagaa. Nitamuuliza kama kulikuwa na baridi, nami nitamsikiliza mpaka amalize.