Gemu Ulilonitumia Halina Rangi

Nyumbani kwetu,
Chumba cha nyuma,
Jumapili, tarehe tisa.

Mpendwa mdogo wangu Usukani,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe na wifi yangu na watoto. Hamjambo wote? Kile kikohozi cha mtoto wenu mdogo kimekwisha? Na wewe mwenyewe, u mzima? Hilo la mwisho nakuuliza kwa makusudi na nitaliuliza tena kabla sijamaliza, kwa hiyo anza kulitafutia jibu la kweli.

Sisi huku hatujambo. Mama yupo, anakula vizuri na anagombana na redio kama kawaida yake. Shemeji yako ni yule yule, ukimtuma chumvi dukani anarudi na habari za mtaa mzima na chumvi hana. Mpwa wako amepata kazi ya mapokezi kwenye kliniki ya meno, na siku hizi ukizungumza naye anakuangalia mdomoni. Mimi nimefunguliwa plasta ya mguu. Daktari wa mifupa anasema umeunga vizuri kabisa. Nimemwitikia tu, maana hata yule mama niliyekuwa nampakia rangi dari yake aliniapia kwamba ngazi yake ni imara.

Sasa nije kwenye mashine yako ya gemu. Nakushukuru sana, imenifaa siku za kulala kitandani. Lakini ujue ilipofika sikuifungua. Niliiweka juu ya meza nikaiangalia. Mtu aliyewahi kumkunja shati binamu yake kwa kuigusa tu, leo anaifunga kwenye boksi na magemu yake yote, anamtumia dada yake eti asichoke na kitanda? Nikasema hii ama mbovu ama ya wizi. Nilipokupigia ukacheka, ukaniambia umenunua mpya. Nikaliacha hapo, ila halikuniingia akilini.

Majina ya magemu usiniulize. Mimi nayajua kwa kazi ya shujaa wake: la mtu wa upanga, la mwizi anayeparamia maghorofa, na la askari anayejificha nyuma ya mapipa. Nacheza kwenye ngazi ya rahisi kabisa na sioni haya. Mpwa wako alinicheka, nikamwambia nimeshapanda ngazi ngumu na matokeo aliyaona.

Nitakwambia ninavyowaona hao mashujaa wako. Kwanza hawana adabu. Mtu anaingia nyumba ya watu bila hodi, anafungua makabati, anachukua dawa, anavunja mitungi na kwenda zake, na mwenye nyumba amesimama pale pale anamwangalia. Pili wanasema peke yao mno. Tatu, yule mwizi anaanguka kutoka paa la ghorofa, anajifuta vumbi, anaendelea kukimbia. Mimi nilianguka kutoka kwenye ngazi fupi ya kupakia dari nikafungwa plasta mpaka gotini. Hapo ndipo nilipoanza kuwatilia shaka waliotengeneza vitu hivi.

Halafu kuna yule bwana wa redio, anayemwelekeza askari kwa sauti tu, pita kushoto, fungua mlango, nakuamini rafiki yangu. Tangu alipofungua mdomo nilimwambia shemeji yako kuwa huyu ndiye adui. Akanibishia, akasema huyo ndiye msaada wetu. Mwisho wa gemu akageuka. Shemeji yako alinuna kama yeye ndiye aliyesalitiwa. Msaada ukizidi, mdogo wangu, lazima uuchungulie nyuma yake.

Na kuna jambo nililolijua mwenyewe bila kufundishwa na mtu. Ukiona umeingia chumba kikubwa, kimya, na ghafla umewekewa dawa kila kona na risasi za kumwaga, usishukuru. Nyuma ya mlango unaofuata kuna jitu. Gemu halikupi kitu kwa huruma. Siku hizi nikikuta dawa mbili pamoja narudi nyuma, nakaa, nafikiri. Shemeji yako anasema nacheza kama mtu anayekagua nyumba ya kupanga.

Lakini kilichoniudhi kuliko vyote ni rangi. Unajua mimi ni fundi rangi, jicho langu halitulii. Nimefungua la upanga, dunia nzima ya kijivu. Miti ya kijivu, mbingu za kijivu, nyumba za kijivu. Shujaa kapakwa bluu tupu kuanzia nywele hadi viatu, na maadui wote wekundu wa kuumiza macho. Maandishi nayo makubwa kama ya kwenye ukuta wa duka, yanaziba nusu ya kioo. Nikafungua la mwizi, hali ile ile. La askari, vile vile. Nikasema hawa jamaa wamepaka rangi ya chini, wakala malipo, wakatoroka kabla ya kumaliza kazi. Nikawasema kwa kila aliyekuja kuniona mgonjwa. Hata jirani yetu mshona viatu anajua kwamba magemu ya siku hizi hayana rangi, mimi ndiye niliyemwambia.

Wiki iliyopita mashine ikaanza kupata moto na kujizima. Mguu ulikuwa umeshafunguliwa, nikaibeba mwenyewe kwa fundi wa vifaa vya umeme, yule wa kibanda chenye mafeni mabovu nje. Sikumwachia. Nilikaa kwenye stuli nikimkodolea macho, maana mafundi nawajua, mimi ni mmoja wao. Akaipuliza vumbi, akaifunga, akaiwasha kwenye televisheni yake, akabonyeza mahali fulani kwenye mipangilio ili ajaribu. Mara likatokea lile gemu la upanga, na msitu wa kijani nyuma yake.

Mdogo wangu, msitu ule una kijani nyingi zaidi ya nilizowahi kuchanganya kwenye ndoo maisha yangu yote. Jua linapita kwenye majani. Yule shujaa kumbe ana joho la zambarau iliyopauka mabegani, kama nguo iliyoanikwa sana. Nikasimama. Nikamwambia fundi, hii siyo mashine yangu, umenibadilishia, nirudishie mali yangu kabla sijaita watu. Maskini ya Mungu, akanionyesha hadi mkwaruzo wa ubavuni ninaoujua. Nikadai basi amebadilisha cha ndani.

Hakukasirika. Akarudi kwenye mipangilio, akanionyesha mahali palipoandikwa mambo ya kuona. Akawasha, dunia ikarudi kijivu na maadui wakawa wekundu. Akazima, msitu ukarudi. Kisha akaniambia maneno haya, nayaandika kama alivyoyasema:

"Mama, hii haiji yenyewe kutoka kiwandani. Mtu ameichagua, tena kwenye kila gemu, moja baada ya moja. Wateja wangu wanaoitumia ni wale ambao macho yao yamepungua sana."

Nikarudi kukaa kwenye stuli. Nilisahau hata kuuliza bei.

Njiani nikaanza kukumbuka. Tangu mwaka jana huandiki tena ujumbe, unatuma sauti tu, na sisi tukasema amekuwa mvivu. Picha ukitumiwa unasema simu yako kioo kimeharibika. Nilipokutumia picha ya ukumbi nilioupaka kijani ya majani machanga, ile kazi niliyojivunia, ukaisifu kwa moyo wote, ukasema bluu hiyo inapendeza. Nilinuna siku mbili. Nikamwambia Mama mwanao ananidharau. Ningekuwa na akili ningejua tangu siku ile, lakini mimi ninayeshuku ngazi na mafundi na bwana wa redio, wewe nilikuamini.

Nikampigia wifi. Sikumwendea moja kwa moja, nikamuuliza tu ni gemu gani jipya unalocheza kwenye hiyo mashine mpya. Akasema mashine gani. Nikasikia mwenyewe alivyojishtukia. Basi nikamuuliza wazi macho yako yakoje. Akasema, "Wifi, muulize mwenyewe. Mimi ameniapisha." Usimgombeze. Kiapo chako hakukivunja, ila mtu mwenye macho mazima haapishi mke wake juu ya macho hayo.

Sasa unajua kwa nini umepata barua ya mkono badala ya simu. Kwenye simu ungenichekesha, ungesema mtandao mbaya, ungempa mtoto aniimbie wimbo wa shule. Barua hii huwezi kuisoma peke yako. Lazima umpe mtu akusomee, na huyo mtu atasikia ninayosema kama unavyosikia wewe.

Mdogo wangu, unaendesha basi la kiwanda. Kila alfajiri unawachukua watu wa zamu ya kwanza. Uliwahi kutusimulia mwenyewe wale akina mama wanavyolala mara tu wakikaa, vichwa vinagonga vioo na hawaamki mpaka getini. Wanalala kwa sababu wewe ndiye umeshika usukani. Na wewe mbele pale unakisia barabara kwa mazoea, kama mimi ninavyotembea nyumbani umeme ukikatika. Siku mtoto wa mtu akivuka pasipo na mazoea yako, je? Wale kwenye gemu wakifa wanarudi kwenye mlango wa mwisho, wanaanza tena. Nimekufa mimi mara nyingi kwa ule upanga na sikudhurika. Abiria wako hawana mlango wa kurudia.

Usiniambie ulipimwa na daktari wa kazini ukapita. Nakujua. Darasa la kwanza ulikuwa unakisoma kitabu kizima umekishika juu chini, umekariri sauti za wenzako. Zile herufi za ukutani kwa daktari nazo umezikariri, na aje mtu aniambie sivyo.

Najua unachoogopa. Hilo jina la Usukani tulikupa ukiwa unaendesha kifuniko cha sufuria uani, na hujawahi kutaka kuwa kitu kingine. Unadhani ukiacha gari huna tena jina. Nimelia kwa ajili hiyo, nakwambia kweli, nimekaa kwenye ndoo ya rangi nikalia. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua, na safari hii kinaweza kuwa kifo cha wengine. Kuna macho yanayotibika yakiwahiwa. Kuna yasiyotibika. Hatujui yako ni yapi kwa sababu umeyaficha kama bidhaa ya magendo.

Nenda kwa daktari wa macho wa kweli, wifi aingie nawe chumbani, maana wewe peke yako utaniletea majibu ya kupendeza. Kisha uende ofisini kwenu ukawaambie mwenyewe. Usipokwenda, nitawapigia mimi. Usidhani natania, namba ya ofisi yenu shemeji yako ameinakili kutoka kwenye ile picha uliyopiga umeegemea basi, imeandikwa ubavuni kubwa, na yeyote aliyeipaka amefanya kazi safi. Utanichukia. Nitavumilia kuchukiwa na ndugu aliye hai.

Wifi, maana najua sauti inayosoma hapa ni yako, ukifika mwisho wa mstari huu simama. Funguo za basi huziweka mfuko wa suruali, wa kulia, huwa anazigusagusa. Mwambie akupe mkononi. Usisome kinachofuata mpaka uzishike, hata kama atatoka nje akae, hata kama watoto watauliza kuna nini.

Ahsante, mdogo wangu.

Najua hujapata kufanya jambo gumu kuliko hilo. Kesho watu wa kiwandani watachelewa kazini na watanung'unika, wewe waache wanung'unike. Na lile swali langu nalirudia: u mzima? Safari hii ukinijibu, sema kama ilivyo.

Mama anakusalimu sana. Sijamwambia, hilo ni lako, lakini jana aliniuliza kwa nini mwanawe haulizi tena habari za maua yake, kwa hiyo usijidanganye kwamba hajui. Shemeji yako anakusalimu na anasema bwana wa redio hajamsamehe. Mpwa wako anamsalimu mjomba wake, na amepata jina la daktari wa macho kutoka kwa wakubwa zake kliniki, nimeliandika nyuma ya karatasi. Nisalimie watoto wote, na yule mdogo umbusu kichwani.

Mungu akuhifadhi wewe na nyumba yako. Akurudishie macho, na kama hatayarudisha yote, asikunyime watu wa kukushika mkono. Hao nadhani ameshakupa, mmoja yuko hapo anakusomea.

Ni mimi dada yako akupendaye sana, ambaye hata hivyo atangoja wifi ampigie amwambie funguo anazo kweli,

Fundi Rangi