Matete Niliyoyakata

2 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Habari za siku nyingi? Nyingi kweli, maana barua yangu ya mwisho ilikuwa kadi ya mwaka mpya, na sikumbuki ni mwaka gani. Unaendeleaje huko hifadhini na wanyama wako? Sisi hatujambo. Wifi yako mzima, anakusalimu. Mimi ni mzima kuanzia kiunoni kwenda juu. Magoti yana mambo yao.

Nina shida. Unalikumbuka lile bwawa la nyuma ya kiwanda cha matofali, ulikokuwa unajificha ili usifagie studio? Halmashauri inataka kulifukia ijenge bohari. Mkaguzi wao kaandika kwamba bwawa limekufa, hakuna kiumbe kinachozaa pale. Si kweli! Kuna kukuziwa, yule ndege mweusi mwenye paji jekundu, ana kiota kwenye matete na mayai sita. Nimeyahesabu mwenyewe, na nimewaandikia hivyo. Wakajibu: kikao ni tarehe 28, leteni picha au nyamazeni.

Nikajiambia, mpiga picha ni nani mji huu kama si mimi? Miaka ishirini na sita ya pasipoti na maharusi! Matete yalikuwa yananiziba, nikayakata kidogo pale mbele, kama tunavyovuta pazia studio. Nikawasha flashi. Picha yenyewe hii hapa. Tazama ilivyo kali, hata manyoya unaweza kuyahesabu. Niambie tu niikuze kwa saizi gani.

Kaka yako


7 Machi

Kaka,

Shikamoo. Huku hatujambo, joto tu linatutesa. Nilifurahi kuuona mwandiko wako kwenye bahasha. Kisha nikaifungua.

Kaka, lile pazia ulilolivuta ndiyo nyumba yake. Matete yale yanamkinga na jua la mchana na yanayaficha mayai yasionwe na kunguru. Picha ni kali, sikatai, lakini ni picha ya ndege aliyeshtuka, amekaa peupe kama bibi harusi aliyevuliwa shela sokoni.

Ukimaliza kusoma hapa, inuka. Hata kama kuna mteja kwenye kiti kashanyoosha shingo, mwache na shingo yake. Kata matete upande wa mbali wa bwawa, uyachomeke kwenye tope mbele ya kiota, uondoke haraka. Usihesabu mayai tena.

Na hiyo picha usiipeleke. Ikibandikwa ukutani halmashauri, wiki inayofuata kila mwenye simu atakwenda bwawani na panga lake. Ukitaka kumpiga picha, lala chini hatua thelathini kutoka kwake na usubiri jua lichomoze. Lenzi yako ya kanisani inatosha. Flashi ifungie kabatini.

Msalimie wifi.

Mdogo wako


11 Machi

Mdogo wangu,

Natumaini joto limepungua. Sisi wazima, ila mimi nina aibu kidogo.

Nilikwenda siku ileile, mteja nikamwacha na shingo yake kama ulivyoagiza. Nilichelewa. Mayai mawili hayapo, maganda yake nimeyaona kwenye tope. Kunguru, bila shaka, lakini mlango nilimfungulia mimi. Nikachomeka matete, nikarudi nyuma, nikangoja. Baada ya muda mrefu mama mtu akarudi akakalia manne yaliyobaki. Sijawahi kumshukuru mteja yeyote kiasi hicho.

Jirani yangu fundi saa anadhani nimepotewa na akili. "We Pasipoti," kaniambia, "picha unayo, kikao kile pale. Ndege mwenyewe hatakushtaki. Peleka!" Nimeichana mbele yake. Nitaipata nyingine kwa mwanga wa jua tu na bila kugusa hata tete moja, hata kama nitaota mizizi pale matopeni.

Mpaka sasa mizizi ndiyo inayokaribia. Jana nililala kifudifudi juu ya gunia tangu alfajiri, na kuinuka kukanishinda. Fundi saa alinivuta kama gari lililokwama. Na picha zote ni mbovu: maji yanang'aa vizuri, ndege mwenyewe kipande cha mkaa. Studio taa naiambia ikae wapi na inakaa. Hili jua halisikii la mtu.

Natamani ningekuwa na kile kipima mwanga cha baba. Hakijaonekana tangu msiba. Miaka tisa namlaumu wifi yako kwamba alikitupa pamoja na makopo.

Kaka yako


15 Machi

Kaka,

Shikamoo, na pole kwa mgongo na magoti.

Kabla hujasoma zaidi, mwite wifi yangu umwombe radhi. Kipima mwanga ninacho mimi. Nilikichukua siku tulipotoka makaburini. Wewe ulipewa studio, funguo na meza ya baba. Mimi niliyekuwa nikisafisha picha gizani naye tangu darasa la tano niliambiwa nitaolewa. Sikupewa kitu, nikajipa. Kimo ndani ya kifurushi hiki, nimekifunga kwa soksi.

Kukitumia unajua, umesahau tu. Kamera inapoona maji yanayong'aa inaogopa, inapunguza mwanga, ndiyo maana ndege anageuka mkaa. Hiki hakimtazami ndege wala maji. Kinapima mwanga unaoanguka, basi. Kishike pale ulipolala, jua likupige wewe kama linavyompiga yeye, halafu ufuate kinachosema na uipuuze kamera.

Na ile kanuni ya baba ya jua mgongoni, iache. Liweke ubavuni. Saa kumi na mbili na nusu mwanga unapita chini, karibu uguse maji. Utadumu dakika ishirini hivi. Ukizikosa, nenda nyumbani ukanywe chai, urudi kesho.

Mdogo wako


29 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo? Hapa sote wazima, hata magoti yamekubali kushirikiana. Nilikaa kimya kwa sababu mikono ilikuwa na tope na sikuwa na cha kukuambia.

Asubuhi tisa, mwana wa mama. Ya kwanza ukungu. Ya tatu mawingu, mwanga laini kama ule tunaoupitisha kwenye kitambaa cheupe, nikapata kiota kizuri sana ambacho mwenyewe hayumo. Ya tano alitokea vizuri kabisa, nikapiga chafya. Wifi yako, ambaye radhi nilimwomba na bado anaidai, alikuwa akinifungia chai kwenye chupa na kuniambia, "Nisalimie mke mwenzangu."

Ya tisa, tarehe 24, nikapima mwanga, nikaweka kamera, nikatulia. Matete yakatikisika. Akatoka mama, na nyuma yake vifaranga vinne, kama masizi yenye midomo myekundu. Jua likawajia ubavuni, na kila mmoja akazungukwa na uzi mwembamba wa mwanga. Kwa mazoea nikanong'ona, "Tulieni, msipepese." Hakuna aliyesikia. Nikapiga.

Jana kikaoni mwenyekiti aliishika picha mbali na macho. "Mbona ndege wenyewe wadogo hivi?"

"Kwa sababu nilikuwa mbali, mheshimiwa."

Mkaguzi akadakia: "Barua yake ilisema mayai sita. Hapa naona vifaranga vinne. Basi huyu bwana ni mwongo."

Fundi saa akanibana ubavu ninyamaze. Nikasimama. Nikasema mayai sita yalikuwepo, na mawili yamekufa kwa sababu ya panga langu, nikaeleza lote, pazia na flashi na maganda. Kisha mwenyekiti akamgeukia mkaguzi: "Sasa huyu kaua mayai katika bwawa lisilozaa?"

Bwawa limeondolewa kwenye orodha ya kufukiwa kwa mwaka mmoja. Machi ijayo wanataka ushahidi mpya. Wataupata, na wa mwaka unaofuata pia.

Kipima mwanga sikirudishi kwa kifurushi. Kipo juu ya meza ya baba, pamoja na funguo za pili za studio ambazo ningekupa miaka tisa iliyopita kama ningekuwa na aibu. Nilijua jicho lilikuwa lako. Nikanyamaza kwa sababu meza ilikuwa nzuri.

Vifuate mwenyewe. Saa kumi na mbili kasoro niko upande wa kusini wa bwawa. Njoo na gunia lako. Langu halitutoshi wawili. Hata mimi mwenyewe halinitoshi.

Kaka yako