Moto wa Maji Nyamwaga

Jumatatu, 27 Januari 1958
Nimeshindwa kula kwa furaha! Redio ya Mwalimu Mkuu Hezekia imetangaza: Waingereza wamewasha kijua, yaani jua dogo, ndani ya mashine. Hewa itokayo kwenye maji wanaipasha moto mpaka chembe zake ziungane. Ati bahari itatosha umeme wa mamilioni ya miaka. Nimewaambia darasa la nne. Rhobi akauliza kama Nyamwaga nayo itapata taa. Nikasema ndiyo — nilijibu haraka mno.

Alhamisi, 6 Februari
Baba kanifuata mpaka shuleni, yeye asiyependa kukanyaga huku. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia kwa shida. Watoto wamefikisha habari nyumbani: Wazungu wanachoma maji. "Boke, wakimaliza ya bahari, watafuata ya nani?" Nikasema wanahitaji kidogo tu. Akajibu kwamba ng'ombe wetu pia walianza kuchukuliwa na Wazungu mmoja mmoja.

Tena Filemoni, aliyekuwa askari, amewaambia wazee kuwa ule moto ndio wa bomu la haidrojeni. Si uongo.

Jumanne, 15 Aprili
Lori la serikali limekuja na mashine ya kuchimba kisima kirefu, karibu na chemchemi anayoitunza Baba. Kisima tulichokililia miaka yote! Jirani yetu Nyangi alizika watoto wawili mwaka jana kwa kuhara. Tunakunywa pamoja na ng'ombe.

Wazee wamekataa. Wanasema mashine inatafuta maji ya kuchoma. Vijana wanalinda chemchemi kwa mishale. Fundi Stanslaus, mtu wa Bukoba, kaniuliza ni nani aliyewatia watu hofu. Ni mimi, kupitia watoto.

Jumamosi, 17 Mei
Redio tena. Wataalamu wamerudi nyuma! Dalili walizoziona hazikuwa za kijua. Wataendelea kujaribu, pengine miaka mingi.

Nililia. Kwa ajili ya taa? Kwa ajili ya kisima? Hezekia anataka ninyamaze: mwalimu akikiri kukosea, kesho watu watakataa hata kuchemsha maji. Lakini Stanslaus ameamriwa — wazee wasipokubali kufikia Jumatatu, lori linakwenda kijiji cha Busawe.

Jumatatu, 19 Mei
Nimesema. Mbele ya wazee wote. Kwamba moto wa maji haujapatikana, waliotangaza wamekiri wenyewe, nami niliwafundisha watoto kabla ya kujua.

Kisha Filemoni akacheka mpaka akashika tumbo. Wengine wakafuata. Nyangi hakucheka. Alisimama akasema wanawe hawakuuawa na moto wa Wazungu, waliuawa na maji ya hapa hapa. Kicheko kikafa.

Baba akaniuliza: "Na kisima hiki, una hakika?"

Uso wa Nyangi ulikuwa mbele yangu. Nikasema maji ya chini sana huwa safi zaidi, lakini mafundi wanaweza kuchimba wasiyapate. Baba akanitazama, nikadhani atanikana. Akachukua fimbo yake, akawaongoza wazee kwenda kwa wale vijana wanaolinda chemchemi. Hakusema anakwenda kuwaambia nini. Alisema tu sisi wanawake tubaki.

Naandika mlangoni pa darasa. Lori lilikuwa linanguruma tayari kwa safari. Limezimika ghafla. Hakuna yowe la ugomvi, hakuna mlio wa mashine kuchimba. Nyangi ameketi nami, anauliza hiyo ni heri au ni shari. Nimeshika mkono wake. Tunasikiliza —