Nati Niliyoiacha Legevu

Sahibu, leo nimedhulumu.

Nilikuwa nasawazisha kipimo cha oksijeni kwa nitrojeni safi, isiyo na oksijeni hata chembe, kikagoma kushuka hadi sifuri. Nikamwambia meneja mbele ya wote: "Binti mjazaji wa mitungi ametuletea gesi chafu." Akafukuzwa papo hapo.

Alisema jambo moja tu: "Mzee, nati umeikaza?"

Nikamjibu: "Mwanangu, kazi hii nimeianza hujazaliwa."

Nati umeikaza! Naye aliuliza kwa adabu.

Sasa hivi nimepaka povu la sabuni kwenye kiungo cha mrija, likatutumka. Nati niliikaza kwa vidole, nikiwahi swala ya adhuhuri, hewa ya nje ikapenya na oksijeni yake.

Nimempigia binti simu, nikaahidi kukiri kesho.

Akasema: "Usiku mmoja watosha watu kunisengenya, mzee. Nenda leo."

Nimesimama mlangoni kwa meneja. Mkono hautaki kubisha.