Koti Lililoungua Tukuyu

Baba yangu, shikamoo. Huku Tukuyu ndizi ni tamu na mvua haijui kuchoka. Leo imenilowesha hadi nikakimbilia kwa fundi cherehani sokoni, anikaushie koti kwa pasi ya mkaa. Huku akipiga pasi, mkewe alimsomea gazeti, mojawapo ya haya mapya ya watu binafsi. Baba, alisoma hadithi yangu, ile ya mjane na redio, aya nne tu. Sikujitambulisha. Alipomaliza, fundi akauliza, "Halafu?"

"Basi, imeisha," mkewe akajibu.

Fundi akabaki anawaza, pasi imetulia palepale, hadi tukasikia harufu. Mkono wa koti ulikuwa umeungua.

"Nisamehe, dada," akaniambia. "Huyu mwandishi ananiachaga njiani. Kila wiki hivyohivyo, na kila wiki namsubiri."

Wewe ulisema hadithi zangu zinaisha kabla chai haijapoa, ukaniombea kazi ya benki kwa mjomba. Mshukuru sana, ila ampe mwingine. Meza dawa zako za kifua, usijifanye kijana. Koti sitalitia kiraka, nikija utaliona.

Binti yako akupendaye,
Tumaini