Shuka Nililolipokea kwa Mikono Miwili

Yaya Mado, dada yangu mkubwa,

Nakuandikia kwenye daftari la mwanao Nyota, kurasa za nyuma ambazo mwalimu hazifikii. Leo ni Ijumaa asubuhi, Nyota yuko shuleni, mdogo wake Sifa amelala. Mimi niko chumbani mwako. Sikuja kutembea. Nakaa hapa, na huu ni mwezi wa tatu.

Nikuambie moja kwa moja, maana hukuwahi kumvumilia mtu anayezungukazunguka: wamenifanya mke wa mume wako. Na mimi mwenyewe ndiye niliyekubali, mbele ya watu wote, bila kujua kwamba nakubali. Cheka kama unataka. Ningetoa chochote kusikia ukicheka, hata kama unanicheka mimi.

Ilikuwa siku ya kuondoa matanga yako, miezi sita baada ya ile homa kukuchukua. Familia ya shemeji ilifika kutoka Ankoro na mizigo yao na samaki wa kukaushwa. Mikeka ikatandikwa uani, wakagawa vitu vyako. Vitenge vilikwenda kwa mashangazi, sufuria kwa wifi zako. Cherehani hakuna aliyethubutu kuigusa. Halafu mama mkwe wako akaniita, "Feza, kuja hapa karibu," akafungua mfuko wake na kutoa shuka la arusi yako.

Lile jeupe la maua mekundu, Yaya. Tulilidarizi wawili, wewe ukianzia upande wa kichwa na mimi upande wa miguu. Tulipokutana katikati ulinitukana, kwa sababu majani yangu yote yalikuwa yamelala upande mmoja. Nilikuwa na miaka kumi na minne na nilikuwa nachoma vidole kuliko kitambaa. Ulisema utafungua majani yote na kuyadarizi upya, na hukufungua hata moja. Basi nilipoliona lile jani langu la kwanza lililopinda, niliwasahau watu waliokuwa wamekaa pale. Nilipiga magoti, nikapokea kwa mikono miwili kama Mama alivyotufundisha, nikalikumbatia, nikalia ndani yake.

Wanawake wakapiga vigelegele. Nilidhani wanafurahi kwamba matanga yamekwisha.

Kwetu Moba, mdogo wa marehemu hupewa kitambaa cha kichwa, anakwenda nacho nyumbani kwake, mambo yanaishia hapo. Katika familia ya mume wako shuka la kitanda ni swali. Asiyetaka kuchukua nafasi ya dada yake huliacha lianguke kwenye mkeka, na hakuna anayemkasirikia. Anayepokea kwa mkono mmoja anaomba muda wa kufikiri. Mikono miwili ni ndiyo. Mimi niliongeza na kulikumbatia, Yaya. Watu wa Ankoro wanasema hawajawahi kuona mwanamke mwenye haraka ya kuolewa kama mimi.

Nani angeniambia? Wewe ungeniambia. Wewe ndiye uliyekuwa unanifinya paja kila nilipokosea mbele ya watu wa huko. Nakukasirikia kwa hilo. Ulikufa ukiwa bado hujanieleza mambo yao yote.

Jumatatu yake Papa, baba yetu, alikuja na begi langu. Nilimlilia. Alikaa kwenye kiti, kofia magotini, hakuniangalia.

"Ulipokea weye mwenyewe," akasema, "tena na mikono mbili. Sasa miye niseme nini mbele ya bakwe?"

Akaenda zake. Mama hakuja kabisa, na namfahamu, kama angekuja angeondoka na mimi.

Tangu siku hiyo shangazi wa shemeji, Tantine Ida, anakaa kwenye ngazi ya mlango akichambua maharage ambayo hayaishi. Nikienda sokoni anafuata. Nikienda misani anakaa benchi la nyuma yangu, nasikia pumzi yake wakati wa kimya cha komunyo. Si mtu mbaya, hata Sifa alipougua alimuuguza vizuri. Ila amewekwa hapo kama kufuli, na kufuli halina ubaya wala huruma. Kuna asubuhi ninapofungua dirisha la chumba hiki naliona ziwa lote, kubwa hivi, na mimi siwezi kwenda hata kulowesha miguu. Navuta pumzi fupifupi mpaka Sifa anauliza kama nimekimbia.

Jumapili ndizo mbaya zaidi. Mama Jolie na wenzetu wa kudarizi bado wanatoka kwenda ziwani. Wanapita barabarani na mabeseni ya samaki wa kukaanga kichwani, wananiita kwa sauti kama zamani, "Feza! Kuja, mikebuka itapoa!" Tantine Ida anawajibu kabla sijafungua mdomo: "Hatoki. Ni muke wa mutu sasa, haiko mutoto wa kuzungukazunguka." Wanacheka kidogo, kisha nasikia hawacheki tena, na vishindo vya ndara vinakwenda.

Unakumbuka ulivyoanzisha yale matembezi? Kila mmoja wetu alipopata mtoto, au kipaimara, au nyumba, wengine walimdarizia kitu, na sheria yako ilikuwa kwamba zawadi haitolewi sebuleni. Inatolewa kwenye mchanga, karibu na pale mto Lukuga unapotoka ziwani, baada ya misa, watoto na waume wakiwepo. Mpewa anafungwa macho kwa kanga, anawekewa kitambaa mapajani, anapapasa nyuzi kwa vidole mpaka ataje kilichochorwa. Asipotaja, hali chakula. Siku ya Mama Jolie ulimdarizia mto wa kulalia wenye samaki mwenye kope ndefu. Akapapasa, akapapasa, akasema, "Ni ndizi. Ndizi yenye nywele." Shemeji alicheka mpaka tonge la bukari likamponyoka likaanguka mchangani. Wewe uliapa hutamdarizia tena mtu asiyejua samaki, wiki iliyofuata ukaanza mto wake wa pili.

Na hukujua kuogelea! Ulisimama maji yakiwa magotini, ukitupigia kelele sisi sote turudi, kitenge umekikunja kiunoni, sindano bado imechomekwa kwenye kifua cha blauzi. Nilikuona mzee wakati ule. Ulikuwa na miaka ishirini na tano tu, Yaya. Karibu umri wangu huu.

Sasa nikuambie kuhusu shemeji, maana najua unataka kujua. Hajanigusa. Analala karakana, kule anakotengeneza mashine za maboti, anakuja mchana kula na kuwaona watoto. Ni mtu mzuri kama ulivyomwacha. Simtaki tu. Nilikulia nyumbani mwake, nilifua mashati yake, aliniita mdogo wake tangu sijaota matiti. Hata sahani sasa namwachia mezani, simpi mkononi.

Juma lililopita alisimama mlangoni, Tantine Ida akiwa ameenda bombani, akasema haraka, "Feza, hawakuniuliza hata miye."

Nilitaka kumrukia shingoni kwa furaha. Nikamwambia basi sema, waambie wakubwa wako. Akaangalia mikono yake yenye grisi.

"Nikisema, Mama atabeba batoto. Nyumba yenye haina mwanamuke, hataacha bajukuu ndani. Watakwenda Ankoro."

Hicho ndicho kinachonishika, Yaya. Kama ingekuwa Tantine Ida peke yake, ningekwisha kupita juu ya maharage yake. Nikikaa, ninakuwa mke wa mtu nisiyemtaka, kwenye kitanda chako, mpaka nizeeke. Nikitoka, watoto wako wanakwenda mbali, na Sifa hajajua hata kufunga viatu. Nageuza hili jambo kila siku na pande zote mbili zinakata. Nimejaribu kudarizi ili nitulie. Nimebana kitambaa kwenye lile duara lako la mbao, nimekaa nacho mchana mzima, hakuna ua lililotoka.

Jana Sifa aliniita Mama. Nilikuwa namwosha, akasema tu, "Mama, sabuni," na mimi nikanyamaza kwa sababu, nisamehe, ilikuwa tamu. Nyota alikuwa amekaa karibu na ndoo. Alimkaripia mdogo wake: hapana, ni mama mudogo. Kisha akanigeukia na yale macho yako.

"Mama mudogo, ukikuwa muke wa papa, nani atakuwa mama mudogo wetu?"

Miaka minane, Yaya. Mama mdogo ndiye aliyewapeleka kwenye maji wewe ukipiga kelele. Ndiye wanayemkimbilia wakigombezwa. Nilijua kwamba uliponiachia hao watoto uliniachia kwa jina hilo, na kwamba nikilipoteza nao watakuwa wamepoteza mtu wa pili kwenye familia hii, hata kama atakuwa anawapikia kila siku.

Wakubwa wa Ankoro wamefika tangu juzi. Jumapili baada ya misa wanakaa uani kufunga shauri la ndoa hii. Nimelitoa shuka kwenye kabati. Nitarudisha. Ninaogopa, lakini nitarudisha.

*

Ni Jumatano sasa. Naendelea kwenye daftari hili hili, kalamu nyingine.

Walikaa wanane. Papa alikuwepo, na safari hii Mama alimfuata bila kualikwa, akakaa nyuma kabisa kwenye tofali. Nilitoka na shuka limekunjwa. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno marefu ya heshima, yote yakapotea. Nilipiga magoti, nikaliweka kwenye mkeka, nikaondoa mikono. Nikasema sikujua desturi yao, nikaomba msamaha kwa kuwapotezea wakati, nikasema mimi ni mama mdogo wa watoto hawa na siwezi kuwa kitu kingine.

Papa akasimama kunigombeza. Kabla hajamaliza kusimama, shemeji akasema, kwa sauti ya mtu anayetema kitu kilichokwama kooni, "Miye pia simutaki. Huyu ni mudogo wangu. Mado angenitemea mate."

Sijawahi kufurahi hivyo kusikia mwanamume akinikataa hadharani. Nadhani hata nilicheka, maana Mama aliniambia baadaye kwamba watu walidhani nimepagawa.

Mama mkwe wako hakukasirika. Ningependa angekasirika. Alilichukua shuka polepole, akalikunja upya kwa mikunjo yake, akaliweka kwenye mfuko. Akasema hakuna aliyekosa, na kwamba watoto wanaondoka na yeye. Nikaomba. Nikasema nitakaa nao kwa Papa, mtaa wa pili tu. Akasema kwa Papa si kwao. Shemeji aliinamisha kichwa, na safari hii hakutema chochote.

Ile treni ya Kabalo, ya njia ya Ankoro, ambayo siku yake hakuna anayeijua, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ilikuja siku iliyosemwa. Jana asubuhi. Nilimfungia Sifa viatu mara tatu kwa sababu nilikuwa navifungua tena. Alifurahi, alidhani tunakwenda wote. Mama Jolie na wenzetu walikuja stesheni na mabeseni kama wanakwenda ziwani, wakawapakulia watoto samaki wadogo wa ndagala na mihogo pale pale kwenye baraza ya stesheni, wakijilazimisha kucheka. Sifa alikula sana. Nyota hakula, mihogo yake wakamfungia kwenye mfuko. Alikuwa ananitazama mimi tu, akisubiri niseme neno lisilo la uongo.

Nimeachiliwa, Yaya, na sijui niseme nini zaidi. Kila mtu ananiambia sasa niko huru. Leo asubuhi nilikwenda ziwani peke yangu, nikalowesha miguu mpaka kwenye vifundo, nikarudi. Palikuwa patupu. Pumzi ni fupifupi vilevile. Kuna wakati naona niliuza watoto wako ili ninunue Jumapili zangu, na kuna wakati naona ningekaa ningewachukia siku moja, na wao wangejua. Sijui lipi ni kweli. Labda yote. Wewe ungesema niache kujitesa nikachote maji.

Nakuaga hapa, karatasi inaisha. Pumzika, Yaya wangu mkali. Sitakuomba uwaangalie watoto kutoka huko uliko, hiyo ni kazi yangu, na nilikubali kazi hiyo nikiwa na akili timamu, si kama nilivyokubali ile nyingine.

Treni ilipoanza kusogea Nyota alitoa kichwa dirishani, akaniuliza mbele ya bibi yake kama nitakuja. Nikamwambia likizo hii ya Pasaka. Bibi yake akasema treni huwa haiji, asitegemee. Nikatembea kando ya behewa, nikasema kwa sauti kubwa ili na yeye asikie: treni isipokuja nitapanda pikipiki, pikipiki ikikwama kwenye matope nitashuka nitembee, nikifika mtoni nitatafuta mtumbwi. Ndipo Nyota alipofungua ule mfuko wa mihogo akaanza kula.

Mdogo wako,
Feza